Miaka Yangu ya Kuwaapisha Mashahidi

Siku ya kwanza kazini nilifika saa moja kasorobo, nimevaa baibui jipya alilonishonea mama, nikakuta mlango wa mahakama bado umefungwa. Ilikuwa mahakama ya mwanzo mjini Iringa, katika baridi ile ya Juni inayouma vidole. Hakimu alipofika, mtu mfupi mwenye miwani mizito, aliniuliza, "Wewe ndiye karani mpya?" Nikasema ndiye mimi. Akafungua kabati, akatoa vitabu viwili, Msahafu na Biblia, kila kimoja kimefungwa katika kitambaa chake.

"Majalada utajifunza kuyapanga, na hati za wito utajifunza kuziandika," alisema. "Lakini kazi yenyewe ni hii. Shahidi akisimama unamuuliza jina, umri, kabila na dini. Mwislamu unampa hiki, Mkristo unampa hiki. Asiye na kimojawapo unamsomea tamko, naye anathibitisha kwamba atasema kweli. Usimharakishe mtu. Mimi siandiki neno lake hata moja mpaka wewe useme 'tayari'."

Vijana wa siku hizi wananiambia mambo mengi yamehamia kwenye kompyuta. Wakati wetu hakimu aliandika mwenendo wote wa shauri kwa mkono, na wazee wa mahakama, yaani raia wawili wanaomsaidia kuamua, walikaa mmoja kulia na mmoja kushoto kwake. Shahidi aliposimama, sauti ya kwanza kuisikia ilikuwa ya karani.

Niliichukua kazi hiyo kwa hofu. Baba yangu alikuwa na duka la vitambaa pale mjini. Babu yake ndiye aliyepanda bara kutoka Pwani na mzigo wa nguo. Baba alinifundisha tangu utotoni kwamba anayemwapia Mungu uongo nyumba yake haisimami. Mimi nililielewa jambo hilo kama lilivyo. Kila asubuhi nilitia udhu kabla ya kugusa Msahafu, na siku nisizoswali nilimwomba mzee mmoja wa mahakama anishikie.

Mwaka ule ule mtu mmoja aliapa kwamba siku ya ugomvi alikuwa Dodoma. Kabla ya saa sita uongo wake ulikuwa umefichuka mbele yetu sote. Nilirudi nyumbani nikimwogopea. Wiki nzima nilipita njia ya kwake nikitazama kama paa lipo. Lilikuwepo. Mwaka uliofuata aliezeka jipya.

Nilihamishiwa Idodi, kwenye barabara ya kwenda hifadhini. Huko mashauri mengi yalikuwa ya ng'ombe kuingia mashambani. Mkulima anaapa kwamba ng'ombe walilala katika mahindi yake, mfugaji naye anaapa kwamba hawakuvuka hata korongo. Mmoja lazima anadanganya, na jioni wote wawili wanarudi makwao salama. Nikaanza kutoa kitabu kama mhudumu wa hoteli anavyotoa kikombe cha chai. Udhu wa asubuhi niliuacha bila kukumbuka ni siku gani niliuacha. Swala niliswali, lakini niliswali kama mtu anayejaza fomu.

Hali hiyo ndiyo niliyokwenda nayo wilaya ya Kilolo, baada ya miaka kumi na mmoja kazini. Mahakama yenyewe sitaitaja, maana kosa lilikuwa langu, si lake. Hakimu wa pale alikuwa Mlutheri mpole, mzee wa kanisa, aliyewahi kunipa ruhusa ya mwezi mzima nikamuuguze mama yangu. Sikupata kumwona akimfokea mtu.

Mjane mmoja, Mama Ana, alikuwa na shauri na shemeji yake. Mume wake alimwachia shamba la miti ya mbao. Shemeji alidai shamba lile ni la ukoo, halikuwahi kugawiwa. Shahidi aliyebaki hai alikuwa mmoja tu: Bibi Atanasia, jirani mkongwe aliyekuwepo siku baba mkwe alipomkabidhi mwanawe shamba.

Siku hiyo ukungu ulikuwa umeshuka mpaka madirishani na watu wamejaa. Bibi aliingia na mkongojo wake, anahema. Nilimketisha, nikamuuliza jina na dini, akasema yeye ni Mkatoliki. Biblia ilikuwa kabatini, na ufunguo ulikuwa unakwama. Nikawaza: kikongwe huyu, aape asiape, kuna tofauti gani? Nikamgeukia hakimu nikasema, "Tayari, mheshimiwa." Naye, akiwa ameinamia karatasi, akaandika *ameapishwa*. Bibi akasema aliyoyaona, na Mama Ana akashinda.

Shemeji alikata rufaa mahakama ya wilaya. Siku ile ya Bibi alikuwa amekaa ukumbini, na macho alikuwa nayo. Hoja yake ilikuwa moja: shahidi yule hakuapa. Ushahidi usio na kiapo hauna uzito mbele ya sheria, na bila ule wa Bibi, Mama Ana hakuwa na kitu.

Hakimu wangu aliniita ofisini. "Bi Zuhura, yule bibi ulimwapisha?"

"Nilimwapisha, mheshimiwa."

"Basi. Tumefanya kazi miaka minne. Siulizi mara mbili."

Sikulipenda lile neno lake. Laiti angefoka.

Nikaitwa kutoa ushahidi wilayani. Nilisimama mahali ambapo nimewasimamisha mamia ya watu, na karani wa pale, msichana mdogo kuliko mimi, akaninyooshea Msahafu. Nikarudisha mikono nyuma. Sikuwa na udhu. "Naomba maji," nikamwambia. Hakimu wa wilaya aliniruhusu.

Nyuma ya jengo kulikuwa na bomba. Nilinawa yale maji ya baridi nikipiga hesabu zangu. Nikisema kweli, mjane atapokonywa ushindi wake, hakimu wangu ataaibika, na mimi huenda nikafukuzwa. Nikisema nilimwapisha, hakuna atakayeumia ila shemeji ambaye kila mtu alijua anadhulumu. Nilijaribu kumwogopa Mungu kama baba alivyonifundisha, nikashindwa. Nilijua vizuri kwamba paa halitang'oka. Lakini pale bombani, maji yakinichuruzika viwikoni, niligundua kwamba sitaki kumdanganya. Hakukuwa na zaidi ya hilo. Ilikuwa kama vile usivyotaka kumdanganya mtu aliyekaa na wewe miaka yote hata ulipokuwa humsemeshi.

Nikarudi, nikaapa, nikasema, "Sikumwapisha, mheshimiwa. Nilidanganya kwamba nimemwapisha."

Hakimu wa wilaya aliweka kalamu chini. Hukumu ikafutwa, ikaamriwa shauri lisikilizwe upya mbele ya hakimu mwingine. Nje, Mama Ana alinisubiri kwenye ngazi. "Kwa hiyo umeniuza?"

"Nilikukosea tangu siku ile, mama. Leo nimekiri tu." Akageuka akaenda zake, na sikumlaumu.

Nilipewa barua ya onyo. Hakimu wangu hakunisemesha siku mbili. Siku ya tatu alisimama mlangoni kwangu, akasema, "Nilikuambia siulizi mara mbili. Na mimi nilikosea. Tangu sasa nitainua kichwa nimtazame shahidi mwenyewe." Kisha akaongeza, "Ahsante kwa kusema." Namshukuru mpaka leo kwamba hakunikumbusha wema wake.

Shauri lilingoja miezi minne, na miezi yenyewe ya mvua. Tukasikia Bibi Atanasia anaumwa kifua. Karani haruhusiwi kwenda kumtazama shahidi wa shauri linaloendelea, kwa hiyo nilibakiwa na dua. Kila sijida nilimtaja kwa jina, yule Mkatoliki. Zilikuwa dua zangu za kwanza kwa miaka mingi ambazo nilikuwa nasikia ninachokisema.

Alikuja. Aliletwa na pikipiki, amebanwa katikati ya dereva na mjukuu wake wa kike, amejifunga blanketi. Hakimu mpya, mama mkali kidogo, aliniambia, "Mwapishe wewe mwenyewe." Nikafungua kitambaa, nikamwekea Bibi kitabu mikononi. Hakukishika mara moja. Alinitazama.

"Mwanangu, mbona safari ile hukunipa?"

"Nilizembea, bibi. Nisamehe."

"Nilirudi nyumbani nikawaambia, labda kwa uzee huu sihesabiwi tena kuwa mtu."

Basi akaapa, taratibu, neno kwa neno, na mwisho akajiombea kwa Bikira Maria, ambaye hayumo katika maneno ya sheria. Hakimu mpya alimwacha amalize. Mama Ana alishinda tena. Hatukuwa marafiki, ila tulipokutana barabarani alianza kuniamkia.

Kwa miaka mingi nilidhani kiapo ni mtego wa kuwanasia waongo, na kwa kuwa mtego haukunasa, nikaona ni kitu bure. Haikunijia kwamba kuna mtu anayeletewa kitabu kile kama heshima, kwamba tunamwambia: neno lako lina uzito, na tunangoja. Nilihitaji bibi mgonjwa wa kifua kunifundisha, tena kwa kulalamika.

Miaka yangu ya mwisho nilifanya kazi Mbeya, maeneo ya Mwanjelwa. Mashahidi walikuwa wengi, wafanyabiashara wenye haraka, na makarani vijana walinicheka kwa kuwa nilimpa kila mtu muda wa kuvuta pumzi. Niliwaacha wacheke. Udhu niliurudia. Waongo walikuwepo kama kawaida, ila sikuwangojea tena waangukiwe na kitu. Nilikuwa nawaonea huruma, maana nilijua lile bomba la nyuma ya jengo lilivyo na baridi.

Sasa nimestaafu, naishi na binti yangu hapa hapa Mbeya. Alfajiri baada ya swala nawataja watu wangu: hakimu wa miwani, Mlutheri wangu, Bibi Atanasia ambaye ameshatangulia. Mashahidi wengi nimesahau majina yao, kwa hiyo nawataja kwa sura, yule mwenye kovu shavuni, yule aliyelia kabla hajaulizwa, yule aliyedanganya huku mguu unamtetemeka. Juzi binti yangu, aliyekuwa akisikiliza kutoka kitandani kwake, aliniuliza kama inaruhusiwa kuwaombea watu wote hao, Wakristo kwa waongo. Nikamwambia sijamuuliza shehe bado, nisije nikakatazwa.