Kabati la Pili la Mapenzi Dena

Mara ya kwanza Fumo kufanya biashara na Mapenzi Dena, mwaka 1984, alirudishiwa kabati lake mlangoni. "Droo zabana kadi, Bwana Fumo. Lichukue." Fumo, seremala wa Shella aliyeanza na msumeno wa kuazima, aliondoka akifoka. Mwezi uliofuata alileta jingine. Kumbe droo zilibana kweli, na hilo ndilo lililomuudhi.

Mapenzi, binti wa mkulima wa Magarini, alitunza kadi elfu tatu za mashamba ya ushirika, zimepangwa kwa jina la mwenyewe. Wagiriama humpa mtoto jina la babu: Charo Kalama humzaa Kalama Charo, naye humzaa Charo Kalama. Mapenzi hakumchanganya hata mmoja.

Miaka ikapita, akaja meneja mpya wa ushirika na amri: kadi zipangwe kwa jina la baba, na dirisha la kuhudumia wakulima lisifungwe hata siku moja.

"Basi nipe kabati la pili," Mapenzi akasema. "Nipange humo, la zamani litumike mpaka nihakiki zote."

"Upuuzi! Hamishia humohumo."

Siku ya tatu, nusu ya kadi zilifuata mpango mpya, nusu wa zamani. Mzee Kalama Charo akafika dirishani. Karani mwenzake Mapenzi akatafuta penye Kalama, akaikuta kadi ya mwanawe, Charo Kalama. Ya mzee haikuwapo.

"Shamba halina mwenyewe," meneja akakata. "Apewe mwingine."

"Nimelima miaka kumi na minane!" mzee akalia.

Mapenzi alifunga dirisha kwa kishindo, akatia ufunguo kifuani, akaenda kwa Fumo mbio.

"Nipe kabati, wewe uchukue la zamani likiwa tupu."

"La zamani limechakaa."

"Bwana Fumo, mtu anaporwa shamba nawe wapima uchakavu?"

Fumo alitukana, akaita mkokoteni.

Kwa siku mbili Mapenzi alihamisha kadi mojamoja. Ya Mzee Kalama ilikuwa penye Charo, kwa mpango mpya, mahali ambapo hakuna aliyetazama. Shamba likarudi. Mapenzi akafukuzwa kwa kufunga dirisha.

Fumo alibeba kabati lake chakavu. Meneja alipotaka la tatu, akaambiwa msumeno umevunjika. Ulikuwa mkononi mwa Fumo. Na kando yake Mapenzi, ambaye sasa kazi yake ni kumpimia Fumo droo, akavuta droo mpya na kusema hiyo nayo yabana.