Tandiko la Rubi

Dada Dative, mwenzangu wa kwaya ya kina mama, anafanya kazi kwenye mabanda ya farasi nje kidogo ya mji wa Brampton, huku ughaibuni. Gari la kazini humchukua mtaani Lawrence Heights alfajiri na kumrudisha jioni. Katikati hapo hakuna basi, hata akiugua atangoja. Kazi yake ni kuzoa samadi, kumwaga maranda ya kulalia farasi na kunyamaza. Hilo la kunyamaza bosi wake alimwonyesha kwa kidole mdomoni. Dative anamtii, kwa sababu mume wake bado yuko kambi ya wakimbizi, naye anaogopa kwamba akikosa kazi karatasi za kumleta zitakwama.

Katika farasi wote alimpenda Rubi. Kiangazi hiki Rubi alianza kuchechemea, akawa anauma kila akiletewa tandiko, na nywele nyeupe zikamwota nyuma ya bega la kushoto. Watu wa mabandani wakasema ana tabia mbaya, Jumamosi anapelekwa mnadani. Dative, aliyekulia karibu na Uvira akibeba kuni mgongoni kwa kamba, aliona jambo jingine. Mzigo ukikaa upande, kiuno ndicho kinachoumia. Tandiko lilikuwa jembamba, limelalia kushoto. Na Fareen, binti anayempanda, naye aliegemea huko huko.

Alijikaza akamwendea bosi. Kiingereza cha tandiko hakijui, ila cha matandiko ya kitandani anakijua, akadhani ni neno lile lile. Akasema kitanda cha Rubi kinamwumiza. Bosi akamwonyesha koleo. Maskini, akazoa maranda yote na kumwaga mapya. Kesho yake akarudia kusema; akaonyeshwa koleo tena.

Ijumaa alikuwa bandani akimwombea Rubi kwa sauti, kama tunavyoomba sisi. "Ee Mungu, hili tandiko linamuua, na mimi sina mdomo."

"Tandiko limefanya nini, mama?"

Alikuwa Shafiq, baba yake Fareen na mwenye Rubi, Mhindi aliyezaliwa Mwanza, amesimama mlangoni. Dative akamwomba tu amtandike Rubi, kisha apitishe vidole chini ya tandiko. Kulia vilipita. Kushoto vilibanwa, akavichomoa akivipuliza.

"Na Fareen wangu, anakaa sawa?"

"Papa, naye anaelemea huko huko. Usinikasirikie."

"Mama yake humwita gunia lililopasuka," akasema Shafiq. "Hata mezani anakaa hivyo."

Rubi hakuuzwa. Anapumzika mpaka apimiwe tandiko jingine, na Fareen anafundishwa kwanza kukaa sawa. Lakini Dative amehamishiwa mabanda ya nyuma, wasikofika wenye farasi. Ameonywa kwamba siku nyingine akiona kitu amweleze bosi kwanza.

"Kwa lugha gani, dada?" aliniuliza Jumapili.

Binti yangu Yvette akatuandikia lile neno la Kiingereza la tandiko kwenye kikaratasi. Dative amelitia ndani ya Biblia yake. Analisoma kila siku, anasema, lakini bado ulimi unakataa.