Sellah Aliyeomba Bwana Aanguke Kura

Sellah alipofiwa na mumewe, binti yao Nekoye alikuwa bado ananyonya. Alimwachia mama yake huko Misikhu, akaenda Kitale kutafuta kazi, akaipata kwa mzungu mmoja, Bwana Tamm. Huyo hakuwa Mwingereza. Alitoka Estonia, nchi ndogo ya baridi iliyojitoa mikononi mwa Warusi baada ya Vita Vikuu, ikawa jamhuri. Sellah akawa yaya wa mwanawe, Arvo, aliyekuwa mchanga kama Nekoye.

Arvo alijua Kibukusu, lugha ya Sellah, kabla ya lugha ya baba yake. Alilishwa uji wa wimbi na Sellah, akalala mgongoni mwake. Misikhu, Sellah alikwenda Krismasi tu. Kila mara alimkuta Nekoye amerefuka, akamwachia gauni jipya, akarudi kazini.

Mwaka wa 1932 wakulima wa kwao walimwita Bwana Tamm akagombee kiti cha bunge. Mkewe, Bibi Leida, alimpa Sellah habari hiyo wakikunja nguo za safari.

"Kwetu hata wanawake wanapiga kura," alisema.

"Hata yaya?"

"Hata yaya."

Sellah alicheka, hakuamini. "Na mtarudi lini, Memsabu?"

"Bwana akishinda, tutabaki huko. Akishindwa, tutarudi. Wewe tungojee hapa hapa."

Kwenye stesheni Arvo alimng'ang'ania Sellah shingoni mpaka baba yake akambandua kwa nguvu.

Kanisani watu waliombea wagonjwa na mvua. Sellah aliinamisha kichwa, akaomba kimoyomoyo mzungu mmoja aanguke kura. Aliona haya kumwambia Mungu neno kama hilo, lakini Jumapili iliyofuata aliomba tena.

Shamba liliachwa chini ya uangalizi wa mzungu jirani, na mpishi wa jirani huyo, Hiram Gicheru, ndiye aliyemletea habari.

"Sellah! Bwana wako ameanguka. Nimewasikia wakisema mezani. Ati hata hakukaribia!"

Sellah aliketi kwenye nyasi, akalia kwa furaha. Kisha akafua mapazia, akaanika godoro la Arvo, akamshonea kaptula kubwa kidogo, maana lazima alikuwa amekua.

Katikati ya kungoja huko, mchuuzi kutoka Misikhu alileta ujumbe wa mama yake: Nekoye ana surua, hali ni mbaya, uje.

"Si uende, dada," Hiram alimwambia. "Mimi nitaangalia nyumba."

"Wakirudi wakinikosa je? Arvo atamlilia nani?"

Hakwenda. Nekoye alipona mikononi mwa nyanya yake.

Mvua ziliisha, mahindi yakavunwa, na hakuna gari lililoingia uani. Siku moja Hiram alikuja akitembea polepole, kofia mkononi.

"Shamba limeuzwa, dada. Bwana Tamm amepata kazi kwao. Hawarudi."

"Arvo je? Amesema nini?"

"Hakuna aliyemtaja."

Sellah alifunga mzigo wake, akarudi Misikhu. Nekoye alikuwa uani akichambua mboga. Alipomwona, alikimbilia nyuma ya nyanya yake.

"Huyu ni mama yako," nyanya alimwambia.

"Hapana," mtoto alisema. "Huyu ni yule wa nguo."

Sellah alikaa, akalima, akampikia. Alimpeleka shule, akamsuka nywele kila Jumamosi. Nekoye alikua mtoto mwenye adabu, akimwambia asante kama mtu anavyomshukuru jirani, na jina la mama akamwekea nyanya yake.

Vita vingine vilipozuka, Sellah alisikia kwamba Warusi wameirudia Estonia na kuimeza. Hakupata kujua kama Arvo alikuwa hai.

Nekoye aliolewa na kijana wa Ndalu mwaka wa 1951. Katikati ya ibada mchungaji alisema, "Sasa naomba mama wa bibi harusi asimame, tumwone."

Sellah alishika benchi ili ainuke. Mbele yake Nekoye alikuwa amegeuka, amenyoosha mkono kwa nyanya yake, na yule mzee alikuwa tayari anasimama huku akitabasamu na machozi yakimtoka. Kanisa zima lilipiga vigelegele.

Sellah alirudi kukaa, akapiga vigelegele pamoja nao.