Mgongo Niliompa Mwali

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, niko Masasi kwa shangazi yangu, nilipoiona televisheni kwa mara ya kwanza. Jirani alikuwa nayo, ile ya chogo, na saa kumi jioni kulikuwa na kipindi cha vijana wa Dar es Salaam wakicheza muziki. Tulijazana sebuleni mpaka dirishani. Wale watoto walijua kucheza, usiniambie kitu. Wote walitazama kwetu, hakuna aliyetupa mgongo. Nilikaa miezi miwili, kila Jumamosi sikosi, na mitindo yote nikaibeba kichwani hadi kwetu Kitangari.

Baadaye yalikuja mashindano, watu wanapiga kura kwa simu. Siku hizi kila mmoja ana kipindi chake kiganjani. Sikatai, kila zama na ngoma yake. Hata nyinyi mkicheza uani nachungulia, na kiuno hiki kibovu kinajitikisa chenyewe.

Basi nilirudi wakati mdogo wangu Somoe anatolewa unyagoni. Kwetu siku hiyo dada mkubwa ndiye humchezea mwali. Mwali ameketi mkekani, kanga mpya, mafuta yanang'aa, macho chini. Dada hucheza mbele yake, uso kwa uso, mpaka mwali ainue macho atabasamu. Hapo ndipo watu humtunza, naye anajua amepokelewa kwao. Mama alikwisha fariki. Somoe alikuwa akiningoja mimi tu, hakuwa na mwingine.

Ngoma zikalia. Mimi, mwanangu, nikamgeuzia mdogo wangu mgongo, nikawachezea watu kama wale wa kwenye televisheni. Vijana walishangilia, wengine wakapanda mikorosho wanione. Mwiga tembo hupasuka msamba, lakini siku hiyo msamba wangu ulikuwa mzima, nikazidi kujitupa. Nilipogeuka, Somoe alikuwa bado ameinama, machozi yanadondokea kanga yake mpya. Wapiga ngoma wakaacha mmoja mmoja.

Bibi yetu mzaa mama akanishika mkono, akanipeleka kando. Hakunigombeza.

"Umecheza vizuri, mjukuu wangu," alisema. "Ulikuwa unamchezea nani?"

Nikamwomba aniruhusu nirudie.

"Mwali hatolewi mara mbili," akasema, akaenda kumfuta Somoe machozi.

Somoe alinisamehe, na tumezeeka pamoja tukitaniana. Ila nikiigusa siku ile hubadilisha mazungumzo, huuliza kama nimeshachota maji. Moyo unaniuma mpaka leo, sikufichi.

Sasa nisikilize. Cheza, mwanangu, jirekodi, watu wa mbali wakupende, wala sikuonei gere. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Nami kwa uzee wangu naongeza: kwenu ni pale alipo mtu anayekungoja wewe na si mwingine. Huyo mgeuzie uso kwanza. Wengine hawakosi cha kutazama.

Mungu akujalie miguu myepesi na umri mrefu. Na siku utakayochezewa wewe, anayekuchezea akutazame machoni.