Kengele ya Marehemu Mume Wangu

Mwanangu Zlatina hakuzaliwa kipofu. Macho yalimwishia polepole, na alipofika miaka kumi na tisa hakuona hata taa. Akajifunza kukanda misuli, akapata kazi mjini Smolyan. Jumamosi zake anapanda milima, na mimi roho huwa mkononi mpaka arudi.

Anapanda na Radko, mpeleka barua wa kijiji chetu. Kwenye njia nyembamba wanashika fimbo moja ndefu, Radko mbele, yeye nyuma. Wakifika kwenye malisho ya wazi, Zlatina anaiachia fimbo na kufuata kengele iliyofungwa kwenye shanta ya Radko. Anasema hapo tu ndipo anapotembea kwa miguu yake mwenyewe.

Mwezi wa Mei kengele yao ilipasuka. Nikampa ile niliyobakiza nilipomuuzia Velko, rafiki wa mume wangu, kondoo wa marehemu. Huku kwetu fundi wa kengele huzitengeneza za kundi zima zilie kwa sauti za kufanana, na zilizobaki zote zilikwenda na kondoo. Zlatina aliibusu kwa kuwa ni ya baba yake. Nami nikafurahi, sikufikiri zaidi ya hapo.

Jumamosi iliyofuata nilikaa kwenye kibanda cha wapanda milima na sinia la banitsa, mkate wetu wa jibini, nikijifanya nimewaletea chakula. Saa sita Radko akatokea kwenye ukungu, peke yake.

"Yuko wapi?"

"Mama Stamena, nilikuwa nasikia hatua zake nyuma yangu, mara sizisikii. Nimeita mpaka sauti imekauka."

"Umemwacha mwanangu!"

"Sikumwacha! Kuna kondoo walipita karibu yetu..."

Hakumaliza. Huko juu kundi lililia, nikaitambua kila kengele. Velko alikuwa amewapandisha wiki ile. Mwanangu alikuwa amefuata kengele za kondoo, na mimi ndiye niliyemzoesha sauti ile.

Tulipanda tukikimbia. Tulimkuta Velko amejifunika koti lake la manyoya.

"Shemeji, kuna binti nimemsikia," akasema. "Alikuwa anapiga kelele, 'Radko, punguza mwendo, punda wewe!' Nikadhani watalii wanagombana."

"Wapi?"

Akaonyesha upande wa genge. Sikumtukana, sikuwa na pumzi.

Velko akaanza kuzijaza kengele majani ili zinyamaze, moja baada ya nyingine, na sisi tukamsaidia. Mlima ukawa kimya. Radko akatikisa kengele yake.

"Radko!" Sauti ya Zlatina, kutoka ng'ambo. "Macho unayo, akili umeisahau posta?"

Nilicheka na kulia pamoja. Kisha jiwe likaporomoka, hatukusikia likitua. Velko akaukamata mkono wa Radko.

"Acha kupiga! Kati yetu na yeye kuna korongo. Anakuja moja kwa moja!"

"Zlatina, kaa chini!" nikaita.

"Mama? Wewe unafanya nini huku?"

"Kaa hapo hapo!"

Maisha yake yote nimemwambia akae. Karibu na jiko kaa, barabarani kaa, kwenye harusi ya binamu yake kaa. Hajawahi kukubali hata siku moja. Nikasikia kokoto zikisagika chini ya kiatu chake.

"Kengele naisikia vizuri, mama. Usianze."

"Ni kosa langu mimi! Kondoo wana kengele kama hiyo! Mbele yako hakuna ardhi, mwanangu. Nakuomba, kaa!"

Nilihesabu pumzi zangu, nikakosea, nikaanza upya.

"Nimekaa," akasema.

Radko na Velko walizunguka kwa juu. Mimi nilibaki upande huu nikiongea bila kukoma, habari za jirani, za kuku, chochote, ili asisimame. Walimleta baada ya karibu saa nzima, amekamata fimbo kwa mikono yote miwili, midomo ya buluu kwa baridi. Nilimkumbatia mpaka akalalamika.

"Usiniambie nilibakisha hatua ngapi kufika korongoni," akasema.

Radko alikuwa ameniambia sikioni. Mpaka leo sijamwambia.