Vimeng'enya vya Maisaka

Mwenye duka la dawa pale Maisaka hataji vimeng'enya vya mwili bila kuvua miwani kwanza. Akiwa na shehena ya vidonge vya kutuliza uvimbe, atakwambia vimeng'enya vyako vimewaka mno, vinachoma mapafu badala ya kupambana na kifua kikuu. Vidonge vikimwishia, vimeng'enya hivyohivyo vimelala, vinataka sirapu ya kuviamsha. Mama Jovita, anayekohoa mwezi wa pili sasa, ameshaambiwa yote mawili na kuyaamini yote mawili. Leo, chupa ya sirapu mkononi, kamkuta anafunga duka mbiombio, binti wa mwenye duka akikohoa pembeni.

"Pole, dokta. Vya mtoto vimewaka au vimelala?"

"Nitajuaje, mama, kabla makohozi hayajapimwa hospitali?"

Mama Jovita akaiacha sirapu yake mlangoni, akawafuata.