Bwawa Kubwa, Saa Sita Mchana

Mto wetu unashuka kutoka vilima vya Geita, na ifikapo mwezi wa saba huanza kukatika. Mwezi wa tisa hubaki mabwawa machache yaliyounganishwa na mkondo mwembamba usiozidi kifundo cha mguu. Hapo ndipo baba alipovua kuyu kwa ndoana, samaki wa magamba ya shaba anayependa maji yanayotembea. Mimi ndiye mtoto wake wa kwanza, na wadogo zangu wa kiume walikuwa bado wanabebwa mgongoni, kwa hiyo alinifundisha mimi.

"Binti wa ndoana ataolewa na nani?" watu walimuuliza.

"Na mwenye njaa," alijibu.

Kabla ya kutupa ndoana, baba aliingiza mkono majini mpaka kwenye kiwiko, akapima baridi. Asubuhi, maji yakiwa bado na baridi ya usiku, tulivua kwenye bwawa kubwa. Tulimweka panzi aelee juu bila kitu cha kumzamisha, na kuyu alipanda mwenyewe kumchukua. Jua likikomaa na mkono ukatoka na joto, baba alikunja mshipi.

"Hapa sasa hakuna mtu nyumbani," alisema.

Samaki walikuwa wameshapanda na mkondo, wakijisukuma kwa matumbo juu ya changarawe, mpaka kwenye mwamba ambako chemchemi hutokea kwa chini. Maji ya pale yanauma meno. Walijipanga kwenye kivuli cha mwamba, vichwa vyote vikielekea baridi, na jioni waliteremka tena. Pale kwenye mwamba hatukuwavua, na hatukumwambia mtu. Baba alisema samaki aliyekimbia joto hana pengine pa kwenda; tukimtoa pale, mwakani tutakula majani.

Mama alifariki akijifungua mdogo wetu wa mwisho, wa kike. Baba alimfuata mwaka uliofuata kwa homa ya siku nne. Nilikuwa darasa la tano. Nililiweka daftari langu juu ya dari, panya wakalimaliza.

Baba mdogo, ndugu wa baba wa tumbo moja, alikuja msibani na kuondoka na ng'ombe wetu tisa, ili atutunzie. Baada ya miezi miwili alirudi na habari kwamba wote wamekufa kwa ndigana.

"Hata ngozi hazikubaki?" nilimuuliza.

"Tulizika na ngozi zao. Ugonjwa ule si wa kuchezea."

Hakunitazama aliposema hivyo. Tangu siku hiyo nilikuwa na kazi mbili: kuwalisha watoto watatu, na kumsubiri baba mdogo.

Baada ya mavuno alikuja tena, safari hii pamoja na balozi wetu wa nyumba kumi. Alitaka tugawanywe. Wavulana wawili waende kwake kuchunga, mtoto wa kike apelekwe kwa shangazi huko Ushetu, na mimi niolewe na mkulima mmoja wa tumbaku ambaye walishazungumza naye. Nilikataa.

"Atawalisha nini huyu?" alimwambia balozi. "Panzi?"

Balozi alikuwa mtu wa haki, ila hakupenda ugomvi. Alinipa mpaka mvua za kwanza. Akiwakuta watoto bado wana nyama mwilini, watabaki nami. Akiwakuta wamekonda, baba mdogo atawachukua.

Nilivua kila asubuhi. Kuyu mmoja tulimla, wengine niliwakausha na kuwabadilisha kwa mtama. Kufikia mwezi wa tisa mashavu ya watoto yalikuwa yamejaa, na baba mdogo alipopita kutujulia hali aliyaona. Wiki haikuisha akarudi, mpole kama mgeni.

"Ng'wanone," aliniita, kwa Kisukuma, mwanangu, neno ambalo hakuwa amenipa hata siku ya maziko. "Bwawa la marehemu ni mali ya ukoo. Nitaita watu tumwage utupa, kila mtu apate kitoweo."

Utupa ni mmea. Majani yake yakitwangwa na kumwagwa majini, samaki hulewa na kuelea, wakubwa kwa wadogo. Bwawa likimwagwa utupa leo, hulivui tena mpaka mvua. Alilijua hilo, na ndilo alilolitaka.

"Kuyu wako wapi hasa? Usinifiche."

"Bwawa kubwa, baba mdogo. Baba alivua hapo maisha yake yote."

Nilimwambia kweli tupu. Hakuniuliza ni saa ngapi. Utupa wa watu wengi hutwangwa asubuhi nzima, na wageni wa mbali hufika jua likiwa kichwani, kwa hiyo nilijua watamwaga mchana, kuyu wakiwa juu mwambani ambako sumu haipandi. Na niliijua desturi ya kwetu: aliyewaita watu kwenye bwawa ndiye mwenyeji wao. Maji yakiwanyima, yeye huchinja. Nilitaka achinje, nilitaka aone uchungu wa kutoa ng'ombe.

Siku ile walikuja wengi, wanawake na matenga, wanaume na mitwangio. Saa sita wakamwaga. Maji yaligeuka kijani, watu wakakaa ukingoni kusubiri. Vyura walitoka wakiruka. Kisha wakaelea perege wawili, kila mmoja kama dole gumba.

Bibi mmoja jirani yetu aliwachota kwa kata na kumwonyesha baba mdogo. "Baba, hawa tuwagawane vipi? Wewe uchukue vichwa, sisi mikia?"

"Labda wengine wamekwenda kusali," mtu alisema, na kicheko kikazunguka bwawa lote.

Baba mdogo alinigeukia. "Wewe binti, umefanya nini?"

"Si uliniuliza, nikakuonyesha?"

"Tumetwanga tangu asubuhi," mzee mmoja alisema bila kucheka. "Mwenyeji, tunakula nini?"

Kwa aibu, baba mdogo alimtuma mkwe wake zizini akalete fahali mwekundu. Hapo ndipo alipojimaliza, na hilo sikulipanga. Mtu aliyebanwa hutoa kile kisichomuuma, na yeye hakufikiria kutoa cha kwake.

Fahali alipofika, mdogo wangu wa miaka sita alimwita kwa jina. Yule ng'ombe akageuza kichwa. Mtoto akamkimbilia, akamkumbatia shingoni.

Balozi alisogea, akalikunjua sikio la kushoto. Kulikuwa na alama ya baba, mikato miwili, ambayo kijiji kizima kiliijua.

"Huyu si alikufa kwa ndigana?" aliuliza taratibu.

"Amefufuka," alisema yule bibi. "Mwiteni padri."

Safari hii hawakucheka wengi. Balozi aliamuru fahali wetu asiguswe, baba mdogo alete wa kwake. Likachinjwa dume lake jeusi alilolipenda. Nilikula nyama ile mpaka taya zikachoka, nikiwa nimeketi mahali ambapo angeniona nikitafuna. Jua halijazama tulikwenda na balozi kwake, tukatoka na ng'ombe sita, na fahali wa saba. Wawili alisema walikufa kweli. Sikumwamini, na simwamini mpaka leo. Habari ya kutugawa haikutajwa tena, wala ya mkulima wa tumbaku.

Baba mdogo aliamini nililoga bwawa. Alikwenda kwa waganga wawili na kumaliza mbuzi. Miaka ilipita, wanawe wakaenda kuchimba almasi Maganzo na hawakurudi, akabaki mzee wa fimbo. Kila kiangazi alipita kwangu na mshipi wake. Nilimwamkia shikamoo, aliitikia marahaba, heshima sikumnyima.

"Ng'wanone, kuyu wako wapi siku hizi?"

"Bwawa kubwa, baba mdogo."

Alikwenda, akaketi pale jua la utosini, panzi wake akielea bila kuguswa. Mdogo wangu wa kike, ambaye sasa ana watoto wake, alimhurumia.

"Dada, mwambie tu. Mzee mwenyewe ndiyo hivyo."

"Akiniuliza saa, nitamwambia," nilimjibu, nikaendelea kupara samaki wa asubuhi.

Hakuwahi kuuliza.